Wazee wa anga mlioko Tanga: kwa nini mapanga ya Caribou yalizungushwa kwa mkono kabla ya kuwasha injini?

#1 MwanaWaFundi

Habari zenu wakuu, na shikamooni wazee.

Marehemu baba alikuwa fundi wa ndege za usafirishaji jeshini, zile Caribou. Alipostaafu akarudi kwetu Makorora, akanunua pampu ndogo ya kumwagilia bustani yake kule Pongwe. Kila asubuhi kabla hajaiwasha alikuwa analizungusha gurudumu lake kwa mkono, taratibu, huku anahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili. Ndipo anawasha. Sisi watoto tuna haraka ya kwenda shule, tunanung'unika. Yeye jibu lake lilikuwa moja: "Injini iliyolala usiiamshe kwa teke."

Alitwambia kazini ndivyo walivyofanya alfajiri. Watu wawili wanalisukuma panga la injini, lile feni la mbele, kwa mikono, likipita moja wanadaka linalofuata, wanahesabu.

Wiki iliyopita nimefungua sanduku lake. Kuna daftari dogo, jalada limeliwa na mende. Ukurasa mmoja ameandika kwa penseli:

Kushoto 12, sawa.
Kulia 12, ya saba nzito.

Basi. Naomba mnisaidie mambo matatu. Kwa nini walizungusha? Kwa nini kumi na mbili? Na hiyo "ya saba nzito" ni nini?

#2 KusiNaKaskazi

Mungu amrehemu mzee wetu. Jibu si gumu mkuu, ni oili tu. Injini ikilala usiku kucha oili yote inashuka, huku juu panabaki pakavu. Ukizungusha kwa mkono unaipaka upya kabla moto haujaingia. Hata mashine za kusaga wazee walifanya hivyo hivyo.

#3 Spana13

Marahaba mwanangu. Kama baba yako ni yule ninayemdhania, tumekula naye ugali wa sahani moja. Jina tusilitaje hapa.

KusiNaKaskazi hapo #2 umesema oili inashuka, na ni kweli inashuka. Lakini tatizo si huko juu kukauka, tatizo ni huku chini kujaa. Ngoja nieleze kwa kituo, kwa sababu jambo hili nimelifanya kwa mikono yangu miaka mingi na sipendi lieleweke nusu.

Injini ya Caribou silinda zake hazikupangwa kwa mstari kama za lori. Zimezunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli, na nyie watu wa Tanga baiskeli mnazijua. Ziko 14, safu mbili, saba mbele na saba nyuma. Sasa fikiria: za juu zimesimama wima, za chini zimening'inia kichwa chini. Injini ikizimwa, oili iliyobaki ndani inatambaa kidogo kidogo, inapenya kwenye ringi za pistoni, inajikusanya kwenye vichwa vya zile silinda za chini.

Hewa ukiibana inakubali. Oili haikubali. Pistoni ikija kubana ikakuta oili imejaa na valvu zimefungwa, lazima kitu kipinde. Kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, au silinda inapasuka. Stata ina nguvu, haina huruma, itasukuma tu. Na ubaya wake ni kwamba konrodi iliyopinda inaweza ikakubali kuwaka asubuhi hiyo, ndege ikaruka vizuri, ikaja kukatika siku nyingine mko angani na watu 30 nyuma.

Kiganja cha mtu ndicho kinachohisi. Unasukuma panga, linakwenda, linakwenda, mara linagoma. Likigoma unaacha hapo hapo. Hulilazimishi, na wala hulirudishi nyuma. Fundi kijana akirudisha nyuma tulikuwa tunampigia kelele uwanja mzima unasikia. Ukilirudisha, ile oili inatoka kupitia valvu ya kuingizia, inakwenda kujificha kwenye bomba lake. Wewe unadhani umepona. Injini ikiwaka inaifyonza tena yote kwa mkupuo mmoja.

Dawa ni kutoa plagi za chini na kuimwaga. Kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo injini moja ni plagi 28, ndege nzima 56. Nimezitoa na kuzirudisha mpaka vidole vinazijua gizani.

#4 Mgosi_wa_Kaya

Asante sana mzee, hii ni shule. Sasa mniondolee utata. Caribou tulipewa na Mjerumani au Mmarekani? Babu yangu anashikilia kwamba Mjerumani ndiye aliyelianzisha jeshi letu la anga. Mwingine pale kijiweni Barabara ya 8 anasema injini zilikuwa za Marekani, kwa hiyo na ndege ni ya Marekani.

#5 JaladaLaZamani

Wote wawili wameshika kipande. JWTZ lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na kwenye habari ya ndege waliotangulia kutusaidia ni Wajerumani wa Magharibi. Hawakudumu. Mwaka 1965 waliondoka kwa ule mgogoro wa Ujerumani ya Mashariki kuwa na uwakilishi wake Zanzibar. Nafasi yao wakaichukua Wakanada, nao ndio waliokuja na Otter na Caribou na kuwafundisha marubani na mafundi wetu mpaka 1970. Baada yao wakaja Wachina.

Ndege yenyewe imetengenezwa Kanada na de Havilland Canada. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1958. Injini ndizo za Marekani, Pratt & Whitney R-2000, nguvu farasi 1,450 kila moja. Mtu wa kijiweni mwambie injini ya Mmarekani haiifanyi ndege kuwa ya Mmarekani.

#6 Rubani_wa_Raskazoni

Nimeusoma uzi huu mara mbili na nimefurahi sana. Sikudhani kuna kijana anayejali mambo haya.

Spana13 nakuheshimu, lakini kuhesabu mapanga si jambo la mafundi peke yao. Sisi tuliokaa mbele tulihesabu pia. Unabonyeza stata huku swichi ya magineto, ile ya cheche za plagi, imezimwa, bado hakuna moto. Panga linaanza kuzunguka kivivu, unatazama dirishani: moja, mbili, tatu. Fundi amesimama chini na mtungi wa kuzimia moto, naye anatazama. Yakitimia mapanga yaliyopangwa ndipo unafungua magineto. Inakohoa, moshi mweupe unafunika bawa zima, silinda moja inashika, ya pili, halafu zote zinaungana. Sauti ile hakuna ndege ya leo inayoitoa.

Kwa hiyo inawezekana hiyo 12 ya mzee wako ni hesabu ya kuwashia, wala si ya mkono. Na "nzito" maana yake stata ilielemewa.

Maadamu nimeanza niseme na hili. Watu husifu ndege za kivita. Mimi naisifu Caribou. Ilibeba askari 32 na vifaa vyao, mlango wa nyuma unashuka kama ulimi, na kutoka kuachia breki mpaka kuvuka vichwa vya miti ilihitaji chini ya mita 400. Niliitua kwenye viwanja vya udongo kusini huko, Nachingwea na kwingine ambako uwanja ulikuwa ni nyasi zilizofyekwa asubuhi ile ile. Unashusha flapu zote, ndege inakaa angani kama kipanga anayetazama kifaranga, halafu unaiweka chini, unageuza mapanga yavute kinyume, vumbi linakumeza. Likitulia unakuta umesimama, na watoto wameshafika kwenye bawa.

#7 Spana13

Afande, saluti. Lakini hapana.

Ile ya stata naijua. Ilifanyika pale injini ilipozimwa kwa muda mfupi, saa moja mbili, mmesimama mahali kushusha mzigo. Ndege ikilala usiku, au ikikaa siku tatu inangoja spea, ilikuwa ni mkono kwanza. Stata haina kiganja. Ukingoja yenyewe ndiyo ikwambie kuna oili, itakwambia kwa mlio wa chuma.

Nimeuona mlio huo. Kituo na mwaka niviache. Tulikuwa tumechoka, mvua imetunyeshea usiku, mkubwa mmoja ana haraka, anatazama saa. Mwenzangu akasema tumeshazungusha. Hatukuwa tumezungusha. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Stata ilibonyezwa, panga likaenda kama robo, likasimama, pakalia "ko". Sauti ndogo tu, kama kukatika kwa kijiti. Injini ile ilishushwa, na ndege ikakaa chini wiki nyingi. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini "ko" ile ninayo mpaka leo, na ndiyo maana nayasema haya bila kuzunguka.

#8 Binti_wa_Chumbageni

Mzee Spana13, pole na asante kwa kusema ukweli wako.

Mimi nasomea ufundi wa ndege, mwaka wa mwisho, na nina swali la heshima. Panga la Caribou lina mikono mitatu. Kwa hiyo mapanga 12 ni mizunguko minne kamili ya panga. Kati ya panga na mhimili wa injini kuna gia, mhimili unazunguka kasi kuliko panga. Na kila silinda hubana mara moja katika kila mizunguko miwili ya mhimili. Maana yake likishapita panga la sita, ambayo ni mizunguko miwili ya panga, silinda zote 14 zimeshabana, tena zaidi ya mara moja.

Sasa kama kwenye silinda mlikuwa na oili, ingegoma mapema, kwenye mapanga ya mwanzo. Kwa nini ingoje la saba?

#9 KusiNaKaskazi

Hapo binti amefunga goli. Mimi narudi kwenye hoja yangu ya #2, wanapaka oili tu, na uzito ni uzito wa asubuhi.

#10 Spana13

Binti, umepiga hesabu vizuri na nimeipenda. Ila oili ya ndege ile ni nzito kama asali, na asubuhi ya baridi haina haraka. Oili iliyolala kwenye bomba la kuingizia inaweza ikafyonzwa polepole, ikaingia kwenye silinda baada ya mizunguko kadhaa. Nimeona panga likienda vizuri mara tano, ya sita likagoma. Haikuwa kila siku, lakini nimeona.

Na usisahau, kuna uzito mzuri na uzito mbaya. Silinda yenye ringi nzima na valvu zinazofunga lazima ikusukume kidogo kiganjani. Ukisikia nyepesi sana, hiyo nayo ni habari mbaya, imevuja. Mzee ameandika "nzito", hakuandika "imegoma". Alikuwa mtu wa kuchagua maneno.

#11 Mke_wa_Mpakiaji

Assalamu alaykum wanangu. Mume wangu hakuwa fundi wala rubani, alikuwa mpakiaji, yule wa kufunga mizigo nyuma. Nyinyi mwasema injini, mimi nasema maovaroli. Oili ile haikutoka. Nimefua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mche, inabaki vivyo hivyo, na chumba kizima kinanukia ndege. Alipofariki nikaliweka moja bila kulifua. Hadi leo nikifungua kabati namsikia.

Alikuwa akisema mzigo usiofungwa sawasawa ni adui kuliko radi. Ukiteleza kwenda mkiani ndege inainua pua, rubani hana la kufanya. Alivuta kila kamba mara mbili kwa mkono wake hata kama amefunga mwenyewe. Yeye kuhesabu kwake kulikuwa huko.

#12 Mgosi_wa_Kaya

Bibi umenitoa machozi.

Rubani_wa_Raskazoni, kumbe ndiyo maana kila jioni unakaa pale ufukweni unatazama mawingu ya Usambara kana kwamba yanakudai. Nimekutambua mzee wangu, nitakuletea machungwa ya Muheza.

#13 Kimanumanu_Damu

Mgosi wa Kaya na ubingwa wenu wa soka wa 1988 wa Coastal Union, hapa tunajadili injini. Ninyi pia mliwaka mara moja mkazima.

#14 Mgosi_wa_Kaya

Angalau sisi tuliwaka. Ninyi bado mnazungushwa kwa mkono.

#15 JaladaLaZamani

Rudini kwenye uzi jamani.

Mimi nimeitazama lugha ya mzee, maana naona tumeipita. Ameandika "ya saba nzito". Angekuwa anasema panga, angeandika "la saba zito". Panga la saba, mapanga saba, hakuna Mswahili wa Tanga atakayekosea hapo. "Ya saba" ni silinda. Silinda ya saba ndiyo nzito.

#16 Binti_wa_Chumbageni

JaladaLaZamani, umenifanya nisimame kwenye kiti!

Injini hizi za Pratt & Whitney za safu mbili silinda huhesabiwa ukiwa umesimama nyuma ya injini, kufuata mwendo wa saa, na namba 1 iko juu kabisa. Ziko 14, kwa hiyo namba 8 inaangukia chini kabisa, na namba 7 ni jirani yake. Namba 7 ni miongoni mwa zile zilizoning'inia kichwa chini! Hapo maelezo ya Mzee Spana13 ya #3 yanakaa sawasawa, na hesabu yangu ya #8 haina tatizo tena.

#17 Rubani_wa_Raskazoni

Polepole binti. Umesimama nje, alfajiri, unasukuma panga lenye urefu kuliko mtu. Umejuaje kwamba iliyogoma ni silinda namba 7 na si namba 9? Kiganja hakisomi namba. Ungejua baada ya kutoa plagi, na yeye hakuandika habari ya plagi.

Na hiyo sarufi, kuna "mara". Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba. Hata Spana13 hapo #10 amesema "mara tano, ya sita likagoma". Kasomeni.

#18 Spana13

Ni kweli nimesema hivyo. Ndivyo tulivyosema kazini, "ya tatu", "ya nne", neno mara limemezwa. Lakini na silinda nazo tuliziita hivyo hivyo, "ya tatu inavuja", "ya nne plagi imekufa". Afande ameshinda nusu, Jalada ameshinda nusu.

#19 Mchumvi_wa_Bahari

Mimi nilikuja nyuma yenu, zama za Buffalo. Buffalo ni mdogo wake Caribou, kiwanda kile kile, ila injini za tabaini. Hakuna kuzungusha panga, hakuna plagi 56, inakunywa mafuta ya jamii ya taa badala ya petroli ya ndege. Kwa hilo tulipumzika.

Ila adui wetu wa pwani hakubadilika, chumvi. Ndege ikilala huku msimu wa kusi, asubuhi ukipitisha kidole kwenye bawa na kukilamba, ni chumvi. Bati la ndege linaota unga mweupe kwenye maungio ya ribiti, ukiukwangua chini yake pameliwa. Tuliosha kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima, maana visima vingi vya huku vina magadi. Kazi ya kuchosha na haina sifa, ukiifanya vizuri hakuna anayeona chochote.

Naleta na nadharia yangu. Injini ikikaa pwani siku kadhaa, unyevu wa chumvi unaingia kupitia ekzosi kwenye silinda ambayo valvu yake ilibaki wazi. Kutu nyembamba inaota ukutani, ringi zinakwaruza. Hiyo nayo mkononi unaisikia nzito. Wala si oili.

#20 KusiNaKaskazi

Sasa tuna oili, kutu, stata, silinda nzuri na sarufi. Mimi najitoa nisikilize wazee.

#21 MwanaWaFundi

Wazee wangu, sijui nianzie wapi kushukuru. Bibi wa #11, nimemsomea mama ujumbe wako, ameomba nikupe salamu.

Nimelipitia daftari lote tena leo, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu ya swali la Rubani kuhusu plagi. Nimepata hivi. Kurasa mbili baadaye: "Plagi za chini kulia. Kikombe kimoja." Nikafurahi, nikasema Mzee Spana13 ameshinda. Lakini mbele yake tena, siku nyingine, ameandika: "Kushoto 12, ya saba nzito. Kulia sawa." Na mbele zaidi: "Zote 12, ya saba nzito." Injini zote mbili. Nimehesabu, "ya saba nzito" imetokea mara tisa, na plagi zimetolewa mara moja tu.

#22 Binti_wa_Chumbageni

Injini mbili tofauti, silinda ile ile? Haiwezekani. Naiondoa nadharia yangu ya #16.

#23 Mchumvi_wa_Bahari

Kutu nayo haichagui namba. Nanyamaza.

#24 Rubani_wa_Raskazoni

Huenda zilikuwa ndege tofauti, na kila moja ina ugonjwa wake. Bado nasema stata.

#25 Spana13

Nimekaa na hili tangu adhuhuri.

Tulikuwa tunasukuma wawili wawili. Mapanga sita ya kwanza anaanza mmoja, la saba anapokea mwenzake, ili mtu asichoke. Anayepokea ndiye anayelikuta panga limesimama, ndiye anayeanza upya kulisogeza. Siku zote la kwanza lako ni zito. Kama baba yako ndiye aliyekuwa anapokea, ya saba ilikuwa ya kwake.

Lakini mbona aandike? Jambo la kila siku mtu haliandiki. Isipokuwa kama alianza kuumwa bega wakati ule na hakutaka kusema. Mwanangu, alikuwa na bega baya?

#26 MwanaWaFundi

La kulia. Kule Pongwe pampu aliizungusha kwa mkono wa kushoto. Tulidhani ni mazoea.

#27 Spana13

Sisemi kwamba ndiyo hiyo. Daftari lile nataka nilione kwa macho, mwandiko wa penseli unapokandamizwa unasema mengine. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu, Afande anapajua. Lete na zile kurasa zenye plagi.

#28 Rubani_wa_Raskazoni

Nitakuwepo. Mgosi alete machungwa.